Kijiko Husomwa Mgongoni

Mtu akipata kijiko cha zamani cha fedha, jambo la kwanza ni kukikodolea macho usoni: maua, majani, gamba la kombe, herufi za majina ya watu waliokwisha kufa. Swali linalofuata ni lile lile siku zote: nakshi hii inaitwaje? Jamaa wanaojua ugonjwa wangu huu wa kukusanya vijiko hunitumia picha za namna hiyo, na jibu langu huwakera. Kigeuze. Nipigie picha ya mgongo, nipigie na ya ubavu, kisha pima urefu wake. Jina tutalitafuta baadaye.

Sisemi kwamba uso hauna kazi. Uso ndio uliotuingiza kwenye mambo haya. Lakini nakshi huigwa, hurithiwa na kuuzwa, na majina ndiyo hayana mwenyewe kabisa. Kampuni ya Tiffany ya New York walitoa nakshi ya Chrysanthemum, jina la ua, mwaka 1880; kampuni ya Durgin wa Concord, New Hampshire, nao wakatoa Chrysanthemum yao mwaka 1893. Ziweke mbili hizo mezani, utaona hazina undugu zaidi ya ua. Nakshi ya King's ya Waingereza imetengenezwa na mafundi wasiohesabika, kila mmoja na mkono wake. Kwa hiyo mtu akiniambia ana seti ya King's, bado hajaniambia kitu. King's ya nani, ya mji gani, ya mwaka gani? Hayo yote yako nyuma.

Hata kabla ya nakshi kuna madini yenyewe. Fedha ya sterlingi ni sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Zilizobaki kwa kawaida ni shaba, inayotiwa ili kuikaza, maana fedha tupu ni laini mno kuhimili kazi ya mezani. Kitu kilichochovywa fedha ni habari nyingine, na hapo ndipo wanaoanza wanapoliwa. Herufi EPNS hugongwa moja moja, kila moja ndani ya kijingao chake, mara nyingi kwa mwandiko wa kale, ili kwa mbali zifanane na mihuri ya fedha halisi. Maana yake ni kwamba ndani mna mchanganyiko wa nikeli, na juu mna ngozi nyembamba ya fedha iliyowekwa kwa umeme, kwa njia ambayo Elkington wa Birmingham waliipatia hataza mwaka 1840. Maneno "Nickel Silver" na "German Silver" yanapotosha zaidi, kwa sababu hayo ni majina ya shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo kabisa. "A1" na "Triple" nazo husifu unene wa ngozi tu.

Mtego ninaouhusudu kwa ujanja wake ni "1847 Rogers Bros." Watu huona 1847 na moyo ukawaenda mbio. Ule si mwaka wa kijiko. Ni sehemu ya jina la biashara, linalokumbusha mwaka ambao ndugu wa Rogers huhesabiwa kuwa walianza kuuza vyombo vya kuchovywa. Alama hiyo ilianza kugongwa katika miaka ya 1860 na ikaendelea hadi ndani ya karne ya 20. Unaweza kushika kijiko chenye 1847 ambacho kimezaliwa baada ya redio. Tena ni cha kuchovywa tangu mwanzo.

Ukiwa na shaka, achana na herufi kwanza, tazama mahali palipochakaa. Kijiko kikilazwa mezani hugusa kwa sehemu mbili: tako la sehemu ya kuchotea, na mgongo wa ncha ya mpini. Miaka mingi ya kusuguana na meza hula hapo kabla ya kwingine. Cha kuchovywa kitaanza kuonyesha rangi ya njano au kijivu cha madini ya ndani. Cha sterlingi kitabaki rangi ile ile, kikipungua tu.

Sasa twende Uingereza, ambako mgongo una maneno mengi kuliko uso. Nina kijiko kikubwa cha mezani ambacho hukitoa kila mtu anapotaka kujifunza. Hakina ua wala jani. Mpini wake una mabega mawili madogo karibu na shingo, kisha unabana, kisha unapanuka kuelekea mwisho kama fidla, na ndiyo maana mtindo huo ukaitwa Fiddle. Usoni utakimaliza kwa kuangalia mara moja. Kigeuze chini ya lenzi ya kukuza mara 10, utaona mihuri mitano kwenye mstari, yaani alama za fundi na za ofisi ya kupima usafi wa fedha, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. GA ni muhuri wa fundi, George Adams, aliyeendesha Chawner & Co., mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vijiko na uma wa enzi ya Malkia Victoria. Simba anayetembea, aliyeanza kutumika mwaka 1544, anathibitisha kiwango cha sterlingi. Kichwa cha chui ni London. Hakina taji, kwa sababu taji liliondolewa mwaka 1821. Kichwa cha malkia ni risiti ya ushuru uliotozwa tangu 1784 hadi 1890. Wa tano ni herufi a ndogo ya mwandiko wa kale. Hiyo ndiyo herufi ya mwaka, na kwa London, ikiwa na sura hiyo, inasema 1856. Kwa usahihi zaidi inasema 1856 hadi 1857, kwa vile herufi ilikuwa ikibadilishwa mwezi Mei.

Watu huchanganyikiwa hapo kwenye herufi ya mwaka. London ilitumia herufi 20 tu kwa kila mzunguko, kutoka A hadi U, ikaruka J. Kwa hiyo A hurudi kila baada ya miaka 20, na kinachotofautisha ni mwandiko wake na umbo la kijingao kinachoizunguka. A kubwa ya mwandiko wa kale ni 1836. a ndogo ya mwandiko huo huo ni 1856. A kubwa ya kawaida ya Kirumi ni 1876. Anayekuandikia "ina herufi A" hajakusaidia. Na kila mji ulikuwa na mpangilio wake, kwa hiyo tafuta kwanza alama ya mji: nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield (hadi katikati ya miaka ya 1970, lilipobadilishwa kuwa waridi), ngome yenye minara mitatu ni Edinburgh, kinubi chenye taji ni Dublin. Baadhi ya ofisi za kupima zilifungwa: Exeter mwaka 1883, Newcastle mwaka uliofuata, Chester mwaka 1962. Ukipata alama ya mji uliofungwa, tayari una ukuta upande mmoja wa tarehe yako.

Kuna kipindi kifupi ambacho simba anayetembea hayupo kabisa. Mwaka 1697 serikali ya Uingereza iliona sarafu zinayeyushwa kufanywa vyombo, ikapandisha kiwango cha vyombo hadi sehemu 958 ili sarafu isifae moja kwa moja kwa kazi hiyo. Mihuri ikawa mwanamke aliyeketi, Britannia, pamoja na kichwa cha simba kilichokatwa shingoni. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1720, ingawa kiwango chenyewe kimebaki kwa anayekitaka. Kijiko cha miaka ile hakiji mkononi mara nyingi, na kikija, bei yake hukufukuza.

Hata kabla ya kusoma muhuri, mahali ulipogongwa panasema. Hadi karibu mwaka 1780 mihuri iligongwa chini, kwenye sehemu nyembamba ya mpini karibu na shingo. Pale hapana nafasi. Mihuri ilibanana, ikapinda, na fundi alipounyoosha mpini baada ya ofisi kuupima, akaiponda kidogo zaidi. Baadaye ikahamia juu, karibu na ncha pana ya mpini, ikapumua. Nikiona mihuri iliyobanwa shingoni, moyo wangu huwa tayari karne ya 18 kabla jicho halijasoma herufi hata moja. Vijiko vidogo vya chai vya wakati huo vinatesa zaidi, maana mara nyingi vilipewa mihuri miwili tu, simba na fundi. Hapo mwaka kamili hutaupata. Itabidi uukadirie kwa umbo.

Na umbo linajua kusema. Tazama ubavuni. Mtindo wa Hanoverian, uliotawala nusu ya kwanza ya karne ya 18, ncha ya mpini wake inapinda kwenda juu, upande wa uso. Old English, uliokuja karibu mwaka 1760, ncha yake inapinda kwenda chini. Tofauti hiyo ndogo inaeleza namna meza ilivyoandaliwa: vijiko vya Hanoverian vililazwa kifudifudi, mgongo juu, kwa hiyo nembo ya ukoo ilichorwa mgongoni. Old English ililazwa chali, nembo ikahamia usoni. Ukikuta Hanoverian yenye herufi za majina usoni peke yake, jiulize zilichorwa lini na nani. Hicho kijiko hakijasema uongo, lakini kimepitia mikono.

Shika pia pale mpini unapoungana na sehemu ya kuchotea, kwa nyuma. Vijiko vya mwanzo wa karne ya 18 vina mstari mrefu unaoteremka mgongoni, ukichongoka taratibu. Waingereza huuita mkia wa panya. Baadaye mkia ukafupishwa kuwa tone, moja au mawili yaliyopandana. Kwenye vijiko vya chai mafundi wengine waliona hapo ni mahali pa kuchezea, wakagonga kipicha: gamba, ua, merikebu, hata ndege aliyetoka tunduni na maneno "I love liberty", ya siku ambazo mwanasiasa John Wilkes alikuwa akiwasumbua wakubwa wa Uingereza. Siasa iliyofichwa chini ya kijiko cha chai, na mgeni wako anaiona akikigeuza tu. Hivyo vya picha navitafuta kuliko vyote, na vingi vimesuguliwa hadi picha imekuwa kivuli.

Marekani ni shule nyingine. Kule hakukuwa na ofisi ya kupima fedha ya taifa zima, kwa hiyo hakuna herufi ya mwaka wala simba wa kuaminika. Vyombo vya zamani zaidi ni vya fedha ya kiwango cha sarafu, karibu 900, vyenye jina la fundi au na vijimuhuri vya kuigiza Uingereza. Tiffany walishika kiwango cha sterlingi mwaka 1851, Gorham wa Providence, Rhode Island, mwaka 1868, na neno STERLING likawa la kawaida. Gorham hugonga simba, nanga na herufi G. Anayetoka kwenye vitabu vya Uingereza akiona simba na nanga hukimbilia Birmingham, kumbe yuko Rhode Island. Angalia kama simba ana wenzake: herufi ya mwaka na alama ya fundi. Asipokuwa nao, punguza kasi.

Jina lililogongwa nyuma ya kijiko cha Kimarekani si lazima liwe la aliyekitengeneza. Maduka makubwa ya vito, kama J.E. Caldwell wa Philadelphia, yaliuza kazi za viwanda kwa kugonga jina la duka. Na viwanda vyenyewe vilimezana. International Silver iliundwa Meriden, Connecticut, mwaka 1898 kwa kuunganisha kampuni kadhaa. Gorham walimchukua Durgin, baadaye Whiting, baadaye Alvin, wakarithi na nakshi zao. Ndiyo maana nakshi ya Fairfax ya mwaka 1910 unaikuta ina alama ya Durgin, na nyingine, nakshi ile ile kabisa, ina alama ya Gorham. Zote ni halali. Ukitaka kukamilisha seti, amua kama utavumilia kuzichanganya. Mimi navumilia, nikilinganisha uzito kwanza.

Tarehe ya hataza nayo husomwa vibaya. Kijiko kikiandikwa "PAT. 1895" maana yake ni kwamba mchoro ulilindwa mwaka huo. Kijiko chenyewe huenda kilitoka kiwandani miaka mingi baadaye. Chukua Chantilly ya Gorham, aliyoichora William C. Codman mwaka 1895: mikunjo midogo ya kufuata mtindo wa Ufaransa kwenye kingo na ncha, katikati pameachwa patulivu. Ilipendwa vibaya mno, imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo kuitambua Chantilly ni kazi ya dakika moja, na kusema kijiko hiki ni cha lini ni kazi ya jioni nzima: unalinganisha alama za kiwanda za zamani na za baadaye, unapima uzito, unatazama ukali wa mistari. Muhuri wa chuma unaobonyeza nakshi nao huchoka kadiri unavyotumika, na kijiko kilichotoka ukiwa mpya kina mishipa ya majani unayoihisi kwa ukucha.

Kuna nakshi ambazo zimeundwa kana kwamba zinataka kukupoteza. Francis I ya Reed & Barton, ya mwaka 1907, haina tunda moja. Ina makundi 15 tofauti ya matunda na maua, yakigawanywa kwa aina za vyombo. Mtu hununua kijiko na uma, akaona matunda hayafanani, akadhani ameuziwa nakshi mbili. Ni moja. Audubon ya Tiffany, kazi ya Edward C. Moore ya mwaka 1871, nayo hubadilisha ndege na mimea kutoka chombo hadi chombo. Mwanzoni iliitwa Japanese, na orodha za zamani zina jina hilo. Kwa nakshi za namna hii usitafute ua linalofanana. Tafuta fremu: umbo la nje la mpini, ukingo, na namna uwanja wa nyuma ya picha ulivyofanywa.

Mtihani ninaowapa wenzangu ni wa Baltimore. Samuel Kirk alisimamisha kule mtindo wa maua yaliyofurika mpini mzima, Repoussé, ambao kampuni yake huuhesabu tangu 1828. Kisha ikaja Rose ya Stieff mwaka 1892, ya mji ule ule, nayo imejaa maua kutoka ncha hadi shingo. Ukizitupia macho kwa mbali, hazitofautiki. Zisogeze chini ya taa ya kulala, mwanga upite juu juu kutoka ubavuni. Kwa Stieff waridi ndilo bwana, liko wazi, majani yanalihudumia. Kwa Kirk maua ni umati, hakuna mwenye nyumba. Baada ya hapo geuza na usome jina, ujione kama ulipatia.

Wamarekani wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa na fedha nyingi, kwa maana zote mbili. Mgodi wa Comstock wa Nevada ulikuwa umegunduliwa mwaka 1859, mashine za kubonyeza nakshi zilikuwa kazini, na viwanda vikatafuta kila sababu ya kuuza chombo kimoja zaidi. Kukawa na uma wa dagaa wa kopo, uma wa chaza, uma wa aiskrimu, koleo la asparaga, kijiko cha kutolea uboho ndani ya mfupa, sepetu ya kupakulia nyanya, na nyingine ya viazi vilivyokatwa vyembamba na kukaangwa. Nakshi moja iliweza kuwa na aina zaidi ya 100 za vyombo. Katikati ya miaka ya 1920, Herbert Hoover akiwa Waziri wa Biashara, watengenezaji walikubaliana kwamba nakshi mpya zisizidi aina 55. Aina 55 ndiyo iliyokuwa nidhamu!

Vyombo hivyo vya ajabu ndivyo vinavyowindwa, na kinachowindwa hughushiwa. Kijiko cha chai cha nakshi inayopendwa ni cha kawaida. Uma wa aiskrimu wa nakshi hiyo ni adimu. Basi mtu huchukua kijiko, akakikata meno mafupi matatu, bei ikapanda. Wengine hutoboa matundu wakaita cha kupakulia zeituni. Dawa yake ni katalogi za zamani za viwanda, ambazo zinaonyesha kila chombo na umbo lake. Kama katalogi haina uma wa umbo hilo, usitafute udhuru. Pitisha pia kidole kwenye kingo za meno: kazi ya kiwandani imeviringwa na kung'arishwa hata katikati ya meno, ya kukatwa ina makali na wembamba usioeleweka. Waingereza wana dhambi yao ya zamani zaidi. Vijiko vikubwa vitulivu vya karne ya 18 vilichukuliwa enzi ya Victoria vikagongwa matunda kwenye sehemu ya kuchotea, vikapakwa dhahabu, vikauzwa kuwa vijiko vya matunda. Mihuri ni ya kweli, ya mwaka wa kweli, na mapambo yana umri mdogo zaidi. Wapo wanaovipenda. Mimi naona kijiko kizuri kimevalishwa nguo ya mtu mwingine.

Suala linalotugombanisha zaidi sisi wakusanyaji ni herufi za majina. Wauzaji wengi huzifuta kwa kusugua, kwa kuamini mnunuzi hataki herufi za ukoo usio wake. Ninachokiona mimi ni fedha iliyopotea na mpini ulioporwa hadhi. Kijiko kilichofutwa huwa chembamba mahali pale. Ukikibonyeza kidogo katikati ya dole gumba na shahada unaweza kuhisi, na ukikitazama ubavuni unaona bonde. Kipulizie pumzi: mvuke ukitanda, mara nyingi herufi zilizofutwa hutokeza kwa sekunde chache kisha hupotea tena. Vyenye herufi zake huuzwa bei nafuu, kwa hiyo kwa ukaidi huu sijapata hasara. Na herufi husaidia. Mwandiko wake una zama zake, na vijiko vyenye herufi zile zile vikipatikana mbalimbali unajua vimetoka nyumba moja.

Kuna sababu nyingine ya baadhi ya nakshi kuwa adimu kuliko zinavyostahili. Januari 1980, ndugu Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt wa Texas wakiwa wamerundika fedha, bei ilifika karibu dola 50 kwa aunsi. Watu wakapeleka urithi wa bibi kwenye tanuri. Bei ikaporomoka Machi mwaka ule ule, lakini kilichoyeyuka kiliyeyuka. Nakshi nzito, zile zilizokuwa na fedha nyingi, ndizo zilizovutia mizani. Hata leo mnunuzi wa vyuma chakavu hupima tu: gramu, mara 0.925, gawa kwa 31.1 upate aunsi. Hesabu hiyo uijue, si kwa ajili ya kuyeyusha, bali ujue sakafu ya bei iko wapi kabla hujaanza kubishana.

Kusafisha ni ugomvi mwingine, huu nitaupita haraka. Weusi wa fedha ni salfaidi. Huletwa na yai, sufu, mpira na hewa yenyewe. Chumvi ni mbaya zaidi, inatafuna na kuacha vishimo. Usifunge vijiko kwa mpira, utakuta mstari mweusi usiotoka. Ile njia ya karatasi ya alumini na maji ya moto yenye magadi inafanya kazi kweli, na ndilo tatizo lake: huondoa hata ule weusi uliokusudiwa, uliolala ndani ya mikunjo ili maua yaonekane. Grande Baroque ya Wallace, aliyoichora William S. Warren mwaka 1941, ikioshwa hivyo hubaki nyeupe tupu, kila kitu kinang'aa na hakuna kinachoonekana. Tumia kitambaa laini, sabuni ya kawaida, na matumizi ya kila siku. Kinacholiwa nacho hakifubai upesi.

Visu nimeviacha mwisho kwa sababu ndivyo ninavyonunua mwisho. Mpini wa kisu mara nyingi ni ganda jembamba la fedha lililojazwa utomvu mgumu ulioshika mkia wa bapa, kwa hiyo uzito wake haukuambii lolote kuhusu fedha iliyomo. Bapa ndilo lenye habari. Chuma kisichoshika kutu kilianza kuingia baada ya majaribio ya Harry Brearley huko Sheffield mwaka 1913. Kabla ya hapo bapa lilikuwa la chuma cha kawaida, mara nyingi kilichochovywa fedha. Kisu cha nakshi ya mwaka 1895 chenye bapa lisiloshika kutu, ama ni cha toleo la baadaye, ama kilibadilishwa bapa njiani, na si kosa, mradi muuzaji akuambie. Linganisha umbo la bapa na katalogi kama unavyolinganisha meno ya uma. Na usikitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo: joto hutanua utomvu, kiungo hulegea, mpini ukapasuka kwenye mshono. Ukishavuja, fundi wa kuujaza upya atakudai zaidi ya bei ya kisu chenyewe, labda kiwe cha nakshi ambayo hutaipata tena.